Nyama Ikigoma

Haywood Speller alikuja kuchukua tangi siku ya Alhamisi, na trela nyuma ya gari, wanaume wawili wa kumsaidia kubeba, na kofia mpya ya majani ambayo Ozella aliidharau kabla mwenyewe hajashuka garini.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kwa ile kazi ya marehemu."

"Tangi lipo pale lilipo siku zote. Halijatembea."

Tangi lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mpekani. Zamani lilikuwa la mafuta ya kupashia nyumba joto. Thurman, mume wa Ozella na kaka yake Haywood, alilipasua ubavuni kwa msumeno wa chuma, akalitia bawaba, akalifungia bomba la moshi upande huu na sanduku la moto upande ule, likawa jiko la kubanikia nyama. Kazi hiyo aliifanya kwa mikono yake mwenyewe na aliifanya vizuri, Ozella hakumnyima haki yake. Ila haki yake ilikomea hapo.

Maana kwa miaka thelathini na mmoja kaunti nzima ya Bertie ilikuwa ikisema hakuna bega la nguruwe kama la Thurman Speller. Watu waliohamia miji ya kaskazini, Newark na Baltimore, wakirudi kila Agosti kwa Jumapili ya Kurudi Nyumbani, sikukuu ya kanisa, walikuwa wakishuka garini na kuulizia nyama ya Thurman kabla hawajauliza nani kafa. Naye Thurman alikuwa akisimama mbele ya tangi na aproni yake nyeupe, koleo mkononi, tumbo mbele, akipokea sifa. Kumbe huyo bwana alikuwa hodari wa kuwasha moto na kufungua kopo la bia, basi. Kopo la tatu likiisha, keshalala kwenye kiti cha turubai, mdomo wazi. Aliyebaki akilisha makaa koleo moja kila nusu saa, akitazama rangi ya moshi na kusikiliza mafuta yanavyodondoka, alikuwa Ozella. Wageni wakikaribia alimwamsha, akamfuta udenda, akamfunga aproni kiunoni. Kisha akaingia ndani kukata keki, kwa sababu kule kwao mwanamke hupika keki, na motoni ni pa wanaume.

Mwanzoni alilikubali jambo hilo kwa mapenzi. Baadaye kwa mazoea. Miaka ya mwisho, ukweli usemwe, alilikubali kwa dharau tupu: alimtazama mumewe akipeana mikono na mashemasi, akasema moyoni, haya bwana, vimba, upasuke. Na bado alimpenda. Mambo hayo mawili yalikaa naye nyumba moja na hayakugombana sana.

Sasa Thurman alikuwa kaburini tangu Novemba, na mashemasi walikuwa wamekaa kikao bila kumwita Ozella. Waliamua nyama ya mwaka huu ipikwe na Haywood, eti kipaji kimo damuni. Mchungaji Cherry mwenyewe ndiye aliyeleta karatasi ya ratiba, imeshachapwa. *Nyama: Ndugu Haywood Speller, kwa kumbukumbu ya kaka yake.* Chini kabisa, baada ya maelezo ya mahali pa kuegesha magari, palikuwa na *Keki ya limau: Dada Ozella.*

"Mchungaji," Ozella alimwambia, "nyama ningepika mimi."

Mchungaji alicheka kwa upole, akamgusa bega. "Pumzika, dada yangu. Umehangaika vya kutosha mwaka huu. Moto waachie wanaume."

Ozella alikuwa na miaka sitini na saba. Hakutaka tangi, hakutaka aproni, hata hiyo shukrani ya kanisa hakuitaka sana. Alitaka kitu kimoja: kabla hajafa, mara moja tu, watu wale nyama yake wakijua ni yake. Na hicho kimoja kilikuwa kimekwenda kuchapwa kwa jina la Haywood.

Haywood aliuza bima ya mazishi, na kwa muuza bima kila kazi duniani ni maneno. Alilizunguka tangi akiligonga kwa kidole, akawaeleza wenzake habari za kuni za mwaloni na za hikori, zipi zina moshi mtamu na zipi mkali. Alikosea zote mbili. Ozella alimwacha.

"Na ile aproni, shemeji?"

Akampa. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, nyeupe pepepe. Aproni ya mtu anayekaa na moto haiwi nyeupe hivyo mwaka hadi mwaka, lakini hakuna shemasi aliyewahi kujiuliza.

"Kuna siri yoyote marehemu alikuachia?" Haywood aliuliza, trela likiwa limeshafungwa kamba.

"Kaa nayo."

"Nikae na nini?"

"Na nyama. Usiondoke pale. Na usifungue kifuniko kila saa kuangalia."

Haywood akawageukia wenzake akicheka. "Sasa hiyo ni siri au kazi ya ulinzi?"

Waliondoka, kofia ya majani ikichungulia dirishani.

Kesho yake Ozella alibomoa banda la kuku ambalo halikuwa na kuku tangu zamani. Alibeba matofali ya saruji mawili mawili kwa toroli, akayapanga mstatili nyuma ya nyumba, urefu wa kitanda na kimo cha goti, akaweka wavu wa chuma juu na bati kuukuu la kufunikia. Babu yake hakuwahi kumiliki tangi la bawaba, na nguruwe wake waliiva. Mgongo ulimuuma, akautukana, akaendelea. Mchana alikwenda mjini Windsor kwa muuza nyama akanunua mabega sita. Limau hakununua hata moja.

Jumamosi alfajiri, saa kumi na moja, pande zote mbili za barabara zilikuwa na moshi, maana Haywood aliishi ng'ambo, nyumba ikitazamana na ya Ozella. Kulipopambazuka, moshi wa Ozella ulikuwa mwembamba, wa samawati, mtu asiyejua angedhani moto umezimika. Wa Haywood ulikuwa mweupe mzito, wa mtu anayefukuza nyuki. Ozella aliutazama akiwa na kikombe cha kahawa, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Moshi mweupe ni mchungu, na uchungu wake ukishaingia kwenye nyama hautoki hata uioshe kwa siki pipa zima.

Kufika saa tatu wanaume walikuwa wamejaa uani kwa Haywood na viti vyao. Kila aliyefika alifunguliwa kifuniko ajionee. Kifuniko kile kilifunguliwa mara nyingi kuliko jeneza la tajiri, na kila kikifunguliwa joto lilitoka lote na wanaume wakasema mmm. Ozella alihesabu mpaka kumi na nne, akachoka. Aliona aibu kwa niaba yao. Watu wazima, wana wajukuu, wamelizunguka tangi bila mmoja wao kujua kinachoendelea ndani. Na kila mmoja angekuambia alifundishwa na Thurman.

Saa saba mchana Haywood alivuka barabara. Aproni ilikuwa na doa moja, la kahawa.

"Shemeji, nyama imegoma."

Kugoma, kila bega hugoma. Hupanda joto vizuri asubuhi nzima, halafu linasimama. Saa mbili, tatu, hata tano, kipimajoto hakisogei, kwa sababu nyama inatoka jasho na jasho lake linaipoza. Anayekaa na nyama hulijua hilo kama anavyojua mtoto ataota meno. Anayefika wakati wa kula hana habari nalo.

"Imegoma tangu lini?"

"Saa nne na nusu. Nyuzi mia na sitini, haipandi haishuki. Nikadhani kipimajoto kimekufa, nikamtuma mtu akanunue kingine. Nacho kimekufa."

"Poleni kwa misiba."

"Sitanii, shemeji. Thurman alikuwa akifanyaje ikigoma?"

Ozella alijizuia kucheka. Nyama ikigoma, Thurman alikuwa akikoroma. Angeweza kumwacha huyu mjinga hapo hapo alipo, na moyo wake ulitaka kumwacha. Lakini nyama ni nyama. Mnyama alikuwa ameshachinjwa, na Ozella hakulelewa kuona bega la nguruwe likiharibiwa bila kusema neno.

"Hakufanya kitu," alisema.

"Hakufanya kitu vipi?"

"Kama nilivyosema. Nisikilize mimi, Haywood, maana nakwambia mara moja. Funga kifuniko. Kaa chini. Tia makaa kidogo kidogo kama ulivyokuwa ukitia, usiongeze. Jioni itaachia yenyewe. Ukiichokoza, itakukomoa."

Haywood alimtazama kwa huruma, huruma ileile anayowatazama nayo wajane anapowaletea fomu. "Shemeji, kwenye keki sina ubishi nawe. Lakini kesho wanakula watu mia na ishirini. Siwezi kukaa chini."

"Basi simama."

"Mwanamume lazima afanye kitu." Hapo ndipo alipoliona bati na moshi mwembamba unaotoka pembeni. "Na wewe hapa unachoma nini?"

"Nafua nguo."

Akatikisa kichwa, akarudi kwake. Ozella alisogeza kiti mpaka kwenye kona ya nyumba ili aone vizuri. Haywood alisema kitu na wenzake wakacheka, wakageuka kumtazama mjane wa watu. Kisha akachukua magogo ya hikori, mengine mabichi kabisa, yana majani, akayasukumia kwenye sanduku la moto. Hayakuwaka upesi. Akaleta chupa ya mafuta ya kuwashia makaa, akamimina. Moto ulipanda mpaka ukalamba bomba, wanaume wakarudi nyuma wakipiga makofi, na moshi ukawa mweusi.

Dharau ya Ozella ilikuwa imeanza na kofia. Sasa ilikamilika. Siri yote ya Thurman, siri ambayo kaunti nzima ilikuwa ikiinyemelea miaka thelathini na mmoja, alikuwa amempa huyu bwana bure, kwa lugha rahisi, mchana kweupe. Naye akaisikia, akaitupa, kwa sababu ilitoka kwenye kinywa cha mpika keki.

Mabega aliyopika Ozella yaliachia saa kumi na mbili kasorobo. Alishika mfupa wa la kwanza kwa vidole viwili na kuuvuta, ukatoka mkavu, mweupe, bila kubishana. Alichambua nyama yote kwa mikono, ngozi iliyokauka akaikatakata ndani yake, akanyunyiza siki, pilipili na chumvi. Kisha akaonja. Alisimama pale na vidole vya mafuta, akiona fahari mpaka machozi yakamlenga, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Jumapili aliipasha moto taratibu kwenye oveni, akaitia kwenye trei kubwa ya bati, akaifunika kwa karatasi ya foili. Ibada ilipokuwa ikiendelea, akina dada wa jikoni walizipanga trei mezani chini ya kibanda nje ya kanisa: kabichi, viazi, mkate wa mahindi, na trei mbili za nyama, moja ya Haywood na moja yake, zote zimefunikwa sawasawa. Wao walidhani nyama yote ni ya Haywood, ratiba ilisema hivyo. Waliuliza tu keki iko wapi. Ozella aliwaambia haikuumuka.

Mchungaji Cherry alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Trei iliyokuwa karibu ilikuwa ya Ozella. Mchungaji alipakua, akala kidogo kwa vidole palepale, akafumba macho.

"Ndugu Haywood," alisema kwa sauti ya mimbarini, watu wote wasikie, "mkono wa Thurman haujafa."

Foleni ikaitikia amina. Walichota, wakaonja wamesimama, wakampiga Haywood mgongoni. Mtu wa Baltimore alisema ameendesha gari saa sita kwa ajili ya tonge hili. Haywood alichukua kipande kwenye trei ile, akatafuna. Akaacha kutafuna. Alijua nyama yake ilivyotoka, alikuwa ameionja usiku, mtu hasahau ladha ya mafuta ya kuwashia. Alinyanyua macho, akamkuta Ozella anamtazama kutoka upande wa pili wa meza.

Ozella alimsubiri. Alimpa muda wa kutosha kabisa, alimpa muda ambao hakuwahi kumpa Thurman. Haywood angeweza kusema neno moja.

"Ni Mungu tu, Mchungaji," Haywood alisema, akaiweka sawa aproni.

Ozella alizunguka meza. Hakukimbia. Alimpokonya kijana wa watu kijiko kilichokuwa kinachota, akairudisha foili, akaibana pembe zote nne. Kisha akaibeba trei.

"Dada Ozella," alisema Mchungaji, "unaipeleka wapi nyama ya kanisa?"

"Hii si ya kanisa. Hii ni yangu, nimeipika mimi. Ya Haywood ni hiyo nyingine. Kuleni."

Alikwenda mpaka kwenye gari lake, lililoegeshwa chini ya misonobari, akaiweka trei juu ya boneti na kusimama mbele yake. Kule kibandani mtu alifunua trei ya pili. Nyama ilikuwa nyeusi nje na ngumu ndani. Waliipakua kwa sababu ni watu wenye adabu. Ozella aliwaona wakitafuna na kuangalia juu, wakitafuna na kunywa maji. Mtu wa Baltimore aliweka sahani yake chini ya kiti, akaifunika kwa ratiba.

Aliyemfuata alikuwa Mama Arnetta Bazemore, miaka themanini na sita, fimbo mkono mmoja na sahani tupu mkono wa pili. Alichukua muda mrefu kufika.

"Nimekuja na sahani, mwanangu."

"Naiona."

"Nilijua ni yako mara tu nilipoonja. Nimejua siku zote." Akapumzika juu ya fimbo. "Miaka mingi nilikuwa nakaa kanisani nyuma yenu. Thurman hakunuka moshi hata Jumapili moja. Moshi ulikuwa kwenye nywele zako."

Ozella alimkazia macho. "Ulijua. Na ukanyamaza."

"Wengi tulijua. Ungesema, tungesema. Nilidhani ndivyo unavyotaka iwe."

Neno hilo lilimchoma kuliko la Mchungaji na la Haywood, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Nani alikuwa akiipiga pasi ile aproni? Miaka yote aliwadharau kwa kutoona, na yeye ndiye aliyekuwa akiifunga ile kamba kiunoni mwa Thurman na kuvuta fundo. Alijidharau kidogo, kwa haki. Kisha akaona imetosha, maana wa kudharauliwa siku hiyo walikuwa wengi na yeye hakuwa wa kwanza.

"Una kalamu, Mama Arnetta?"

"Ninayo kwenye Biblia."

"Toa na ratiba. Futa hapo penye jina la Haywood, uandike langu."

Bibi yule aliilaza karatasi juu ya boneti na kuandika polepole *Ozella Speller*, jina lote. Alipomaliza Ozella alifunua foili akamjazia sahani mpaka ikalemea. Mama Arnetta alirudi nayo kibandani, na kila aliyempita alimweleza bei.

Walianza kuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, sahani mkono huu na ratiba mkono ule. Kalamu zilipungua, wakaazimana. Akina dada wa jikoni walikuja na aproni zao. Mtu wa Baltimore aliandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini. Mchungaji Cherry alikuja, akaandika, akataka kusema kitu kuhusu unyenyekevu. Ozella akamwambia nyama inapoa.

Nyama ilikuwa imebaki pembeni mwa trei tu Haywood alipofika, wa mwisho. Kofia hakuwa nayo. Aproni ya Thurman ilikuwa nyeusi kifuani kwa masizi, na ilimkaa vizuri zaidi hivyo.

"Sina kalamu, shemeji," alisema.

Ozella alimpa ile ya Mama Arnetta, iliyobaki juu ya boneti. Haywood alilikata jina lake kwa mstari mmoja, akaandika la Ozella juu, akamwonyesha karatasi. Ozella aliisoma. Akamkwangulia kilichobaki, na kipande cha ngozi.

Haywood alikula amesimama, kichwa chini, mpaka sahani ikawa tupu. "Shemeji," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "ile saa ilipogoma. Wewe ulifanyaje?"

"Nilikwambia jana," Ozella alisema, akaanza kuikunja foili.